MBA Mpya Mjini: Nani Aliiomba?

Nililipwa shilingi elfu moja kwa siku, kwa siku tano, niwaulize watu wa Mkomani na Kongowea kama wanataka chuo fulani kianzishe shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. MBA, kwa jina la mjini. Chuo chenyewe sikitaji, na mshauri aliyenipa kazi simtaji, manake mchezo huu si wa mtu mmoja na nikimtaja mmoja wengine watapumua. Nitasema nilichokiona.

Swali la kwanza kwenye hojaji lilikuwa hivi: kwa kipimo cha 1 hadi 5, unakubali kwa kiasi gani kwamba eneo hili linahitaji wataalamu wa usimamizi wa biashara? Sasa nani atajibu 1? Ni kama kumwuliza mtu wa Kisauni kama anakubali kwamba maji ya mfereji ni muhimu. Swali la pili: je, waajiri watanufaika? La tatu: je, programu hii itachangia maendeleo ya nchi? Maswali ishirini, na hakuna hata moja lililouliza bei. Hakuna lililouliza, "Wewe mwenyewe ungelipa?" Hakuna lililouliza, "Biashara yako inakwama wapi?"

Pale Kongowea nikamfikia mama mmoja anayeuza kwa jumla machungwa yanayotoka Muheza. Alinisikiliza huku anahesabu magunia, kisha akaniuliza yeye.

"Mwanangu, hiyo digrii itanifunza nimdai vipi mtu aliyechukua mali kauli kisha akazima simu?"

"Sijui, mama."

"Basi andika hapo. Mimi hilo ndilo ninalotaka kujua."

Hapakuwa na pa kuandika. Kulikuwa na visanduku tu. Nikamtilia 5 kila mahali kwa sababu alisema elimu ni kitu kizuri, na kweli alisema.

Siku ya nne mshauri akanitumia rasimu ya ripoti nimnyooshee lugha. Nikafungua faili nikiwa nimekaa maskani, nikasoma sura ya matokeo. Asilimia zote zilikuwa tayari. Waliokubali, waliokubali sana, wasiokubali, majedwali na rangi zake. Kwenye kurasa mbili lilikuwa limebaki jina la mji mwingine kabisa, mji usio hata na bahari. Nikampigia simu. Akaniambia, "Wewe maliza tu kukusanya, hizo zako tutaziweka kwenye kiambatisho."

Nikamaliza kukusanya. Elfu tano zangu nilipokea. Na ndiyo maana naandika haya, kwa sababu miezi michache baadaye dadangu alikuja nyumbani na karatasi ya tangazo la programu ileile, akaniuliza, "We unajua mambo ya vyuo, hii nzuri?"

Kabla sijafika kwa dadangu, wacha niseme kitu kimoja ili nisionekane nazua. Sheria tunayo. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, kazi ya kutoa ithibati kwa vyuo na programu zao iko kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyochukua nafasi ya tume ya zamani ya 1985. Chuo kikitaka kuanzisha shahada mpya, kinatakiwa kionyeshe kwamba kuna mahitaji, kwamba wadau walishirikishwa, kwamba mtaala una malengo na matokeo yanayopimika, kwamba kuna walimu wenye sifa, vitabu na madarasa. Mtaala unapita kwenye seneti ya chuo, unapelekwa tume, unasomwa na wataalamu wa fani hiyo. Kwenye karatasi, mfumo huu hauna aibu yoyote. Uweke mezani popote duniani.

Shida ni kwamba mfumo unaouliza karatasi utapewa karatasi. Ukisema "leteni ushahidi wa mahitaji," ushahidi utaletwa, umefungwa vizuri, una jalada. Nani atashuka Kongowea kuuliza yule mama kama kweli aliulizwa? Digrii hizi zinajengwa kuanzia paa. Kwanza inaamuliwa ada, halafu idadi ya wanafunzi watakaolipa ada hiyo, halafu mtaala, na mwisho kabisa yanatafutwa mahitaji. Mimi nilikuwa fundi wa hatua ya mwisho.

Kwa nini iwe MBA na si kitu kingine? Hapo inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya kujilipia, na vyuo vingine vya umma vikafuata. Kila mji mkubwa ukapata kampasi yake, na Mombasa zilitujaa. Pesa ziliingia. Halafu mtihani wa KCSE wa 2016 ukasimamiwa na kusahihishwa kwa ukali mpya, na nchi nzima wakapata alama ya A watahiniwa 141 tu. Waliofikia C+ walipungua kwa kishindo, wengi wa waliobaki wakachukuliwa na nafasi za serikali, na mto wa wanafunzi wa kujilipia wa shahada ya kwanza ukakauka. Sasa fikiria wewe ni mkuu wa kampasi. Kodi ya jengo iko palepale. Nani amebaki mwenye mshahara, mwenye haja ya cheti, anayeweza kusoma jioni na Jumamosi? Mtu mzima mwenye kazi. Na kozi gani haihitaji maabara, haihitaji mashine, haihitaji hospitali ya mafunzo? Biashara. Chaki, projekta na mhadhiri anayekuja kwa ndege au kwa SGR Ijumaa jioni.

Siwalaumu kwa kutafuta pesa. Kila mtu hapa anatafuta. Ninachokataa ni kuitwa mdau.

Na tusijifanye kwamba hili la kuchapisha vyeti ni uzushi wa vijana wa mtandaoni. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilitunuku shahada za uzamivu 118 kwenye mahafali moja. Nchi ilishtuka, na tume ikaingia kuchunguza. Jambo la kujiuliza ni hili: tume ilishtuka baada ya mahafali. Joho lilikuwa limeshavaliwa.

Sasa twende kwenye mtaala wenyewe, manake huo pia niliunyoosha lugha. Ulikuwa na uongozi wa kimkakati, fedha za kampuni, masoko, tabia katika shirika, mbinu za utafiti, na mradi wa mwisho. Ukiuweka kando ya mtaala wa chuo chochote Nairobi, Kampala au Leeds hutaona tofauti. Shahada ya kwanza duniani kuitwa MBA ilianzia Harvard mwaka 1908, na ilikuwa na sababu yake: Marekani ilikuwa imejaa makampuni makubwa ya reli na viwanda yaliyohitaji watu wa kuyaendesha. Wao waliangalia dirishani kwao wakaandika walichokiona. Sisi tuliangalia walichoandika wao.

Dirishani kwetu kuna nini? Kuna bandari. Kuna mawakala wa forodha ambao mwaka 2019, serikali ilipoamuru makontena yapelekwe Nairobi kwa SGR, walifunga ofisi na vijana wao wakarudi mitaani. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Mwaka 2022 serikali mpya ikarudisha huduma za kukomboa mizigo Mombasa. Yaani uchumi wa mji mzima ulihamishwa na kurudishwa kwa amri. Hiyo peke yake ni muhula mzima wa darasa: unaendeshaje biashara mahali ambapo barua moja kutoka Nairobi inaweza kukumaliza?

Kuna benki za kufuata sharia, ambazo za kwanza nchini zilifunguliwa 2008. Nusu ya majirani zangu hawataki riba, na mtaala ulikuwa na kozi nzima ya fedha isiyotaja jambo hilo hata kwa bahati mbaya. Kuna mali za wakfu, kuna mirathi, kuna duka la babu ambalo wajukuu kumi na wanne wanaligombania bila hesabu iliyoandikwa. Kuna hoteli za ufuoni zinazojaa Desemba na kulala Mei. Kuna Kongowea, mojawapo ya masoko makubwa ya jumla Afrika Mashariki, ambako maelfu ya shilingi hubadilishana mikono alfajiri kwa neno la mdomo tu, na neno hilo huheshimiwa mpaka siku lisipoheshimiwa. Yule mama wa machungwa alinipa mada ya utafiti kwa sentensi moja. Mikopo ya mali kauli: nani anaipata, inalindwa na nini, inavunjika vipi? Hakuna mwanafunzi wa MBA niliyemwandikia aliyewahi kutaka mada hiyo.

Ndiyo, niliyemwandikia. Hapa ndipo ninapojichoma mwenyewe.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, ada ikiwa imenishinda. Sina shahada ya kwanza. Kwa miaka miwili baada ya hapo nilikula kwa kuandika kazi za wengine, na Kenya nzima inajua biashara hii ipo, magazeti ya nje yameshaiandika mara kadhaa. Nilianza na wanafunzi wa ng'ambo. Baadaye wakaja wa hapahapa, watu wazima, watu wa ofisi, wenye watoto, wanaoamka saa kumi na moja kushindana na foleni ya Daraja la Nyali. Walitaka mradi wa MBA, sura tano. "Athari za uongozi wa kimkakati kwenye utendaji wa" kisha unajaza: benki, hospitali, sacco. Sura ya pili unairithi kutoka mradi uliopita. Hojaji ya kipimo cha 1 hadi 5, ileile. Takwimu unazipika, unahakikisha uhusiano upo lakini usiwe mzuri mno ukatia shaka. Mapendekezo: menejimenti iimarishe mafunzo.

Walipita. Wote niliowaandikia walipita. Sisemi haya kwa kujisifu, nasema kwa aibu. Lakini tafakari maana yake: kijana asiye na shahada, asiyewahi kuendesha hata kibanda cha mahamri, alifaulu kipimo cha mwisho cha shahada ya pili ya kuendesha biashara, mara nyingi, kwa majina tofauti. Unaweza kuniita mwizi na utakuwa na haki. Ila mlango niliopitia, nani aliujenga? Kipimo kinachoweza kufaulu bila mtu kugusa biashara hakipimi biashara. Kinapima kama unajua sura ya pili inakaa kabla ya sura ya tatu.

Nimeacha kazi hiyo. Niliacha siku mteja mmoja, afisa wa mikopo, aliponiomba nimweleze kwa simu mradi wake unahusu nini, nusu saa kabla ya kwenda kuutetea.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: huyu ana wivu, sizitaki mbichi hizi. Huenda. Niliacha chuo na bado inaniuma, nikipita karibu na lile lango nageuza shingo. Lakini wivu wangu hauwezi kuandika jina la mji mwingine kwenye ripoti ya Mkomani.

La pili ni zito zaidi: watu wanahitaji hicho cheti. Bila shahada ya pili hupandi cheo, tangazo la kazi linasema wazi. Dadangu ndiko aliko. Ana miaka minane kwenye ofisi moja ya serikali upande wa kisiwani, anafanya kazi ya bosi wake na mshahara si wa bosi wake. Akiambiwa "leta masters" atafanya nini, ahubiri? Nakubali. Lakini basi tuiite kwa jina lake. Kama cheti hakikufunzi kazi, na bila hicho hupandi, hiyo ni kodi. Inakusanywa na chuo kwa niaba ya mwajiri mvivu asiyetaka kupima watu wake mwenyewe. Na kama kodi zote, anaumia zaidi mwenye mshahara mdogo, yule anayechukua mkopo wa sacco na kuwabebesha wenzake wawili udhamini.

La tatu: wewe wa kubomoa tu, unapendekeza nini? Haya.

Hata huko MBA ilikozaliwa wamegombana nayo. Mwaka 2002 Jeffrey Pfeffer na Christina Fong wa Stanford waliandika kwamba ushahidi wa kuonyesha shahada hii, au alama unazopata ndani yake, zinakufikisha mbali kikazi ni haba sana. Mwaka 2004 Henry Mintzberg, profesa wa McGill kule Kanada, alitoa kitabu kizima akisema huwezi kumuumba meneja darasani. Unaweza tu kumsaidia anayeendesha kitu tayari akitafakari anachokifanya. Na hakuishia kulalamika. Tangu 1996 yeye na wenzake walikuwa wameanzisha programu ambayo wanafunzi ni mameneja walio kazini, wanaokuja na matatizo yao halisi na kurudi nayo kazini kati ya vipindi. Kwa hiyo kuunda kwa namna nyingine kunawezekana.

Na sisi wenyewe tuliwahi kuunda kwa namna nyingine, hapahapa ng'ambo ya daraja. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa tunachokijua leo kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, iliyopokea wanafunzi mwaka 1951 baada ya michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Ya kikoloni, ndiyo, na ilikuwa na ubaguzi wake. Lakini ilianza na swali la pwani: vijana wa huku hawana ufundi, ufundi gani unahitajika? Mahitaji yalitangulia, jengo likafuata.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti, programu mpya ya biashara Mombasa ingeanza hivi. Utafiti wa mahitaji usifanywe na chuo kinachouza, wala na mshauri anayelipwa nacho. Uchapishwe wote, majibu yote, hata la mama wa machungwa. Uulize bei. Mradi wa sura tano ufutwe. Mwanafunzi achukue biashara moja iliyo hai, kibanda au bandari, akae nayo mwaka mzima, na mwisho asimame mbele ya wahadhiri pamoja na wenye biashara hiyo aeleze alichobadilisha, kwa lugha wanayoielewa. Kama ni Kiswahili, basi Kiswahili. Hapo hata mimi nisingeweza kumwandikia mtu, manake yule mwenye duka angesema, "Huyu sijawahi kumwona."

Na tathmini isiishie kwenye kuhesabu walimu wenye uzamivu na vitabu vya maktaba. Baada ya miaka mitano chuo kilazimishwe kutangaza mambo manne: wangapi waliingia, wangapi walimaliza, ilichukua muda gani, na wako wapi sasa. Programu isiyoweza kujibu ifungwe, na watu warudishiwe kitu. Duka la nguo Kongowea likikuuzia shati lililochanika utarudi nalo. Shahada unairudisha wapi?

Sasa dadangu. Sikumwambia "usiende". Mimi si wa kumwambia mtu asisome. Nilimweleza yote, hojaji, rasimu, jina la mji mwingine. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, lakini cheo nacho nakitaka." Ana haki. Basi tukakaa tukaandika maswali ya kupeleka kwenye dawati la usajili. Je, programu ina ithibati ya tume, na barua iko wapi? Nani atanisimamia mradi, na sasa hivi ana wanafunzi wangapi? Nikichelewa kumaliza kwa sababu yenu, nalipa muhula wa ziada? Wahadhiri wangapi ni wa kudumu hapa Mombasa? Waliosoma kozi kama hii kwenu walimaliza kwa muda gani? Nakushauri nawe uyanakili, yawe kwenye simu yako kabla hujasaini mkopo.

Akaenda mchana wa chakula. Yule binti wa usajili alimsikiliza kwa adabu, akatazama karatasi, akasema hayo maswali atajibiwa kwenye siku ya kukaribishwa wanafunzi wapya. Kwanza ajaze fomu alipe ada ya maombi, ambayo hairudishwi.

Fomu iko hapa mezani, chini ya glasi ya maji. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Amejaza jina lake tu.